Cherehani Chini ya Kitanda

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja. Tumeyaandika hapa kwa sababu wengi waliomba wayapeleke nyumbani na kuyasoma pamoja na wenzao.)

 

Tunajua mmetoka mbali. Wengine wenu mliamka saa kumi usiku, mkateka maji kwanza, mkawaachia watoto uji, ndipo mkashika njia. Kwa hiyo hatutawachosha na maneno makubwa. Tutazungumza juu ya jambo moja tu: mama aliyebanwa na umaskini na mateso, anasaidiwaje asimame tena? Apewe kazi ya mikono? Au afarijiwe moyo kwanza? Sisi tulio katika kazi hii ya maendeleo ya jamii tulidhani jibu ni rahisi. Tulikosea. Leo tumekuja kuwaeleza tulikosea wapi, ili nyinyi msipitie njia ile ile.

CHEREHANI KUMI NA MBILI

Mwaka 2009 ulikuwa mwaka wa njaa huku Ukambani. Mvua ilikosa, mifugo ikafa, na akina mama wakawa wanakuja parokiani kila asubuhi kuomba unga. Tuliwagawia tulichokuwa nacho. Lakini tukaambiana, unga ukiisha je? Tukaandika barua kwa mfadhili mmoja, naye akatupa pesa za kununua cherehani 12.

Tukachagua akina mama 12. Kulikuwa na wajane, kulikuwa na walioachwa na waume, na kulikuwa na wasichana waliotoka shule kwa sababu ya mimba. Tuliwafundisha miezi tisa katika ukumbi wa kanisa: kupima, kukata, kushona sketi, shati na kaptura. Siku ya mwisho padre alibariki mashine, tukapiga picha, tukala pilau. Tukaandika ripoti nzuri sana. Ripoti ilisema: "Akina mama 12 wamejitegemea."

Baada ya mwaka mmoja tukazunguka nyumba kwa nyumba. Haya ndiyo tuliyokuta. Cherehani nne zilikuwa zinafanya kazi. Tatu zilikuwa zimeuzwa, pesa zikalipa karo ya shule na deni la hospitali. Mbili zilichukuliwa, moja na mume na nyingine na shemeji. Na tatu zilikuwa ndani ya nyumba, zimefunikwa na gunia.

Katika nyumba mojawapo ya hizo tatu tulimkuta mama mjane wa watoto wanne. Katika darasa letu yeye alikuwa wa kwanza. Mshono wake ulikuwa umenyooka kama kamba ya mjengaji. Tukamwuliza, "Mama, mashine iko wapi?" Akainama, akaivuta kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa na vumbi, na buibui walikuwa wameanza kufuma.

Mmoja wetu, kwa haraka ya ujinga, akasema, "Mama, kwani umekuwa mvivu?"

Yule mama hakukasirika. Alitutazama kwa muda, kisha akasema: "Mlinifundisha kushona. Lakini miezi tisa yote hamkuniuliza kama nalala usiku."

Ndipo akatueleza. Tangu mume wake azikwe, mashemeji walikuwa wanakuja usiku kugonga mlango na kumwambia arudi kwao. Walikuwa wameng'oa mmea wa mpaka wakalima nusu ya shamba lake. Kila akikaa mbele ya cherehani mikono ilitetemeka, akawa anakata kitambaa cha watu vibaya. Wateja wawili walidai pesa zao. Akaona aibu, akaificha mashine.

Wapendwa, sisi tulikuwa na diploma na vyeti ukutani. Lakini siku ile tulirudi nyumbani kimya.

MITEGO MIWILI, KAMBA MOJA

Tulichojifunza kwa yule mama ni hiki: umaskini na kuonewa ni mitego miwili iliyofungwa kwa kamba moja. Ukikata upande mmoja tu, upande mwingine unaendelea kuvuta.

Hebu tazameni. Mama asiye na shilingi yake mwenyewe hupigwa na kurudi pale pale, kwa sababu hana nauli, hana chumba, na watoto hawezi kuwaacha. Huyo ukimfariji tu, ukimwombea na kumwambia "Mungu yupo", atashukuru, lakini jioni atarudi kwenye ngumi. Upande wa pili, mama anayeishi kwa hofu hawezi kufanya biashara. Akili yake haiko kwenye hesabu, iko mlangoni inasikiliza hatua za mtu. Huyo ukimpa mashine bila kumsikiliza, mashine itakwenda chini ya kitanda.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya tisa, kuna habari ya mwanamke aitwaye Tabitha, mshonaji. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, huku wakimwonyesha nguo alizowashonea. Sisi tulikuwa tumesoma sehemu ya nguo, tukaruka sehemu ya machozi. Vitu hivi viwili vinakaa ndani ya chumba kimoja.

Kwa hiyo tutazungumza kwanza juu ya kazi, kisha juu ya moyo, kisha juu ya sheria. Shikeni yote matatu pamoja.

KUCHAGUA KAZI INAYOLIPA

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuchagua ushonaji kabla ya kuwauliza akina mama. Tulichagua kwa sababu "wanawake hushona". Hatukwenda sokoni kuhesabu ni mafundi wangapi tayari wako pale. Walikuwa saba, na mitumba ilikuwa inauzwa mlangoni pao.

Kabla kikundi chenu hakijachagua ufundi wa kufundisha, tembeeni siku mbili za soko mkiwa na daftari. Ulizeni mambo manne:

1. Watu hapa wananunua nini kila wiki ambacho kinatoka mbali? Je, ni mkate, sabuni, mayai?

2. Ni kazi gani watu hungoja fundi atoke mjini? Labda kutengeneza simu, kufunga taa za sola, kupaka rangi, kuunganisha mabomba ya maji. Msiseme hiyo ni kazi ya wanaume. Msichana aliyefunzwa kufunga nyaya za stima anastahili kulipwa sawa na kijana.

3. Mama mwenyewe anapenda nini, na mwili wake unaweza nini?

4. Ana saa ngapi kwa siku? Mama anayetembea mbali kuteka maji na kutafuta kuni hawezi kukaa darasani kutwa. Madarasa ya saa tatu, mara tatu kwa wiki, yanamfaa zaidi. Na mahali pa kumlaza mtoto pawepo. Kikundi kiweke zamu ya kuangalia watoto, hata chini ya mwembe.

Msifikiri ni lazima mfanye kila kitu wenyewe. Nchini Kenya vyuo vya ufundi vya vijijini vilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, na Baraza la Makanisa lilikuwa mstari wa mbele kuvianzisha. Siku hizi vinaitwa vyuo vya mafunzo ya ufundi, na tangu Katiba ya mwaka 2010 viko chini ya serikali za kaunti. Nendeni mkaulize karo na masomo yaliyopo. Tena, yule aliyejifunzia kazi jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, akianzia daraja la tatu na kupanda mpaka la kwanza. Cheti hicho kinafungua milango. Mwenye shule au mwenye nyumba anayetafuta fundi humwamini haraka aliye nacho.

HESABU YA KWELI

Kosa la pili: tulifundisha kushona, hatukufundisha kuuza. Hebu tufanye hesabu pamoja. Hii ni hesabu ya mfano tu, bei za kwenu mtaziweka wenyewe.

Mama anashona sketi ya sare ya shule. Kitambaa ni shilingi 350. Zipu na kifungo ni 30. Uzi ni 20. Nauli ya kwenda mjini kununua vitu hivyo, akiigawanya kwa sketi zote alizoshona safari hiyo, ni 40. Sehemu ya kodi ya kibanda na mafuta ya mashine ni 20. Jumla ni shilingi 460. Anaiuza 500, anafurahi, anasema "nimepata mia tano". Lakini kilichobaki ni shilingi 40. Kama ilimchukua nusu siku, basi nusu siku yake ameiuza kwa shilingi 40. Hata kibarua wa shamba hakubali!

Afanye nini? Akina mama wanunue kitambaa pamoja, marobota kwa bei ya jumla, na mmoja tu apande gari. Waende shuleni kabla ya muhula kufunguliwa, wapate oda, ndipo wakate kitambaa. Na mteja atoe malipo ya kwanza yanayotosha kununua kitambaa. Mteja asiyetaka kutoa chochote, mwache aende zake kwa amani.

Kila mama awe na daftari lenye mistari miwili: zilizoingia, zilizotoka. Asiyejua kuandika atumie mawe au maharagwe ndani ya mikebe miwili. Tumeona mama asiyejua kusoma akiendesha genge la mboga kwa mikebe miwili, na hesabu yake haikosei.

CHOMBO NI CHA NANI?

Tulisema cherehani mbili zilichukuliwa. Hilo pia ni kosa letu. Tulimpa mama mali ndani ya nyumba ambamo yeye mwenyewe huhesabiwa kama mali.

Sasa tunafanya hivi. Chombo kinabaki cha kikundi mpaka mama amalize kukilipia kidogo kidogo. Kuna karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili na mzee wa kijiji. Mashine ina namba, na namba imeandikwa kwenye daftari la kikundi. Shemeji akija kuchukua, anaambiwa, "Hii ni ya kikundi, njoo uzungumze na akina mama ishirini." Hakuna aliyekuja kuzungumza na akina mama ishirini mpaka leo.

Kikundi chenyewe kiandikishwe. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10 na katiba iliyoandikwa. Pesa za kikundi zisikae kwa mtu mmoja, hata kama ni mtakatifu. Zihesabiwe mezani mbele ya wote, zikopeshwe mezani, ziandikwe mezani. Na namba ya siri ya simu ya mama ni ya mama. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mama ameweza kuweka akiba bila kuificha kwenye mtungi wa unga. Lakini mwenye kujua namba yake ya siri ndiye mwenye akiba hiyo.

Na waume je? Tulikuwa tunawaacha nje, wanasikia habari za kikundi kwa uvumi kilabuni. Sasa tunawaita siku ya kwanza kabisa. Tunawaeleza pesa zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Wengi ni watu wema waliokuwa na wasiwasi tu. Lakini kwa nyumba ambayo mama anapigwa, tunamwuliza yeye kwanza kama kumwita mume kutamsaidia au kutamwongezea hatari. Yeye ndiye anayejua nyumba yake.

DUARA LA KUSIKILIZANA

Sasa tuje kwenye moyo. Wengine husema, "Sisi si madaktari wa akili, tutawezaje?" Wapendwa, wazee wetu walikuwa na mwethya. Mtu akishindwa kujenga au kulima, majirani walikuja na majembe. Matuta mengi ya Machakos yanayozuia udongo yalichimbwa na akina mama kwa mwethya. Basi kuna mwethya wa majembe, na kuna mwethya wa masikio. Huo wa pili hauhitaji diploma, lakini una kanuni zake.

Sisi tunafanya hivi. Kabla ya darasa la ufundi, mara moja kwa wiki, tunakaa duara kwa saa moja. Mikono inaweza kuendelea na kazi. Wengine husuka kiondo, wengine huchambua ndengu. Tumeona mtu husema mambo mazito kwa urahisi zaidi mikono yake ikiwa na kazi na macho yakiwa chini.

Kanuni ni tano:

1. Linalosemwa hapa linabaki hapa. Anayelipeleka kisimani anaondoka kwenye duara.

2. Hakuna anayelazimishwa kusema. Kukaa kimya pia ni kuwapo.

3. Hatukati maneno ya mtu, wala hatushindani kwa mateso. Mwenzako akisema lake, usirukie na "hilo ni dogo, sikia langu".

4. Hatutoi amri. Usimwambie "mwache huyo mwanamume", wala usimwambie "vumilia". Mwulize: "Wewe unaona ukifanya nini utakuwa salama?"

5. Tukiona maisha ya mtu au ya mtoto yako hatarini, hapo hatunyamazi. Tunamweleza kwanza, kisha tunatafuta msaada pamoja naye.

Juu ya kanuni ya nne, tuseme jambo kwa unyenyekevu. Sisi watu wa kanisa tumewaambia akina mama wengi, "Ndoa ni msalaba, beba." Mama akaja na jicho limevimba, tukampa rozari tukamrudisha. Msalaba ni kitu mtu huchukua kwa hiari kwa ajili ya upendo. Ngumi ya mtu mwingine si msalaba. Ni dhambi ya anayepiga. Tukubali hivyo, na tuwaombe msamaha wale tuliowarudisha.

WAKATI WA KUMPELEKA HOSPITALI

Kuna huzuni ambayo duara litaibeba, na kuna huzuni ambayo imekuwa ugonjwa. Mkiona mama halali vizuri kwa wiki mbili au zaidi, hali, haogi, hata jambo alilolipenda halimfurahishi, analia bila sababu au ameacha kulia kabisa, analaumu nafsi yake kwa kila kitu, mpelekeni kituo cha afya. Si wazimu, wala si mapepo, na si ukosefu wa imani. Ni ugonjwa unaotibika, kwa mazungumzo na wakati mwingine kwa dawa, kama vile malaria ilivyo na dawa yake. Mama aliyejifungua karibuni aangaliwe zaidi.

Na mkimsikia mtu akisema, "Afadhali nife, watoto wangepumzika," msicheke wala msibadilishe mazungumzo. Mwulizeni waziwazi: "Mama, unafikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampa wazo hilo. Sivyo. Swali hilo humwonyesha kwamba kuna mtu anayeweza kusikia. Kisha msimwache peke yake. Ondoeni dawa za shambani nyumbani mwake, na mmpeleke hospitali mkiwa naye. Zamani watu walificha jambo hili kwa sababu kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha sheria kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo hofu ya polisi isimzuie mtu kutafuta matibabu.

SHERIA IKO UPANDE WENU

Mjane wetu wa cherehani alidhani shamba ni la ukoo na yeye ni mgeni. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote tofauti. Basi tuyaseme hapa kwa kifupi, myapeleke vijijini.

Kuhusu ndoa: Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa, na ndoa ikivunjika. Ibara ya 60 inataka kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika mila na sheria za ardhi.

Kuhusu mali ya ndoa: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu mchango wa mama hata kama hakuwa na mshahara. Kazi za nyumbani, kulea watoto, kulima shamba, kusimamia biashara ya familia, yote ni mchango. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu yenyewe tu. Kila mmoja huonyesha mchango wake. Kwa hiyo wekeni risiti, wekeni lile daftari. Daftari la biashara linaweza kuwa shahidi wenu siku moja.

Kuhusu urithi: Sheria ya Urithi ilianza kutumika mwaka 1981. Inatambua mjane na watoto wote, wa kike na wa kiume. Na kifungu cha 45 kinakataza mtu yeyote asiyeruhusiwa na sheria kuingilia mali ya marehemu. Hata shemeji. Ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela. Mjane aanze kwa chifu kuchukua barua inayowataja warithi, na aende nayo kortini pamoja na cheti cha kifo.

Kuhusu kupigwa: Sheria ya Kuzuia Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inampa mama nafasi ya kuomba korti itoe amri ya kumlinda. Dhuluma si ngumi tu. Kunyimwa pesa za matumizi kwa makusudi, kutishwa na kutukanwa pia ni dhuluma.

Kuhusu kubakwa: hili mlishike sana. Aliyebakwa afike hospitali haraka iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita, ndipo apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Asioge kwanza, asifue nguo, azibebe kwenye mfuko wa karatasi. Matibabu yanakuja kwanza, polisi baadaye. Fomu ya P3 hailipishwi. Namba ya simu ya bure ya kusaidia walioteswa ni 1195, na ya watoto ni 116. Wanasheria wanawake wa FIDA-Kenya wamekuwa wakiwatetea akina mama tangu mwaka 1985. Ziandikeni namba hizo nyuma ya daftari la kikundi.

YULE MAMA YUKO WAPI LEO?

Mtauliza. Tulipomaliza kumsikiliza siku ile, hatukugusa habari ya cherehani tena. Tulimwalika kwenye duara. Mara tatu alikaa kimya. Mara ya nne alisema. Mama mwingine, mjane mwenzake, akamwambia, "Kesho nitakuja kulala kwako." Kwa mwezi mzima akina mama walilala kwake kwa zamu, wawili wawili. Mashemeji walipogonga mlango usiku, waliitikiwa na sauti tatu. Hawakurudi tena.

Kisha tukaenda naye kwa chifu, tukaenda naye kortini. Ilichukua miaka mitatu. Mara nyingine kesi iliahirishwa na sisi tulikuwa tumeuza kuku ili kupata nauli. Lakini hatimaye jina lake likaandikwa, na mpaka ukapandwa upya mbele ya wazee.

Tukadhani sasa atarudi kwenye cherehani. Akacheka. Akatuambia, "Mimi sikupenda kushona hata siku moja. Nilijiunga kwa sababu ndicho mlicholeta." Kumbe alitaka kuku! Leo anafuga kuku wa kienyeji na kulima ndengu kwenye lile shamba. Mashine aliirudisha kwenye kikundi. Msichana mmoja aliyetoka shule na mimba ndiye anayeitumia.

Hatutaki kuwadanganya kwamba wote walipona. Mmoja wa wale 12 alirudi kwa mume aliyempiga, akahama naye, na hatukumwona tena. Tunamkumbuka kila mwaka. Tunajiuliza kama tungemwuliza mapema analala vipi, angetuambia nini.

Kwa hiyo wapendwa, mkirudi vijijini, fundisheni kazi kwa bidii. Lakini kabla hamjamwonyesha mama jinsi ya kutia uzi kwenye sindano, mwulizeni analala vipi usiku. Kisha nyamazeni msikilize jibu.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni ufundi gani kikundi chetu kimechagua, na ni nani aliyeuchagua?

2. Je, katika kijiji chetu kuna chombo cha mradi kilicho chini ya kitanda? Kwa nini kiko pale?

3. Mama akituambia leo kwamba anapigwa, tutamwambia nini? Ni maneno gani tutaacha kuyasema?

4. Wajane wangapi kijijini kwetu wana barua ya chifu na kesi ya urithi? Nani atawasindikiza?

5. Tutaanza lini duara la kusikilizana, siku gani, mahali gani, na nani ataangalia watoto?